Simbali ya Enosi

Jumamosi, Februari. Mvua ya manyunyu tangu asubuhi, ile isiyonyesha ikaisha. Tabora yote tope, na mimi nina moyo mzito.

Nilidhani leo ningeandika kwa furaha. Siku hii nimeingoja muda mrefu.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba napiga drams kwenye kwaya ya kanisa letu, na kwamba drams zenyewe ni za marehemu kaka yangu, Enosi. Ni seti ya kujifunzia, ya bei rahisi, aliyoinunua baada ya msimu mmoja wa kuwakaushia watu tumbaku Urambo. Alipofariki kwaya ilibaki bila mpigaji, nami nikakalia kiti chake kwa sababu hakuna mwingine aliyejua. Tangu hapo nimekuwa nikiibadilisha seti kidogokidogo kwa vifaa vya mtumba. Kwanza pedali ya mguu, maana ile ya zamani ilikuwa inakwama katikati ya pambio. Kisha ngozi. Kisha dramu ndogo, kutoka kwa bendi moja ya harusi iliyovunjika hapa mjini. Kila nilipoleta kitu, mama alikitazama, akasema "haya," akarudi jikoni.

Cha Enosi kilichobaki kulia kwa sauti yake ni simbali, ile sahani ya shaba inayosimama pembeni. Ilikuwa imepasuka. Enosi alitoboa tundu mwisho wa ufa ili usiendelee, lakini bado ililia kama sufuria lililoanguka, halafu ikatetemeka. Mwalimu wa kwaya amenisema mpaka nimezoea.

Juzi nikaenda Urambo kwa Mzee Shabani, ambaye zamani alipiga drams kwenye bendi ya dansi na sasa analima. Alikuwa na simbali nzuri, nene, imechakaa rangi tu. Ile ya Enosi nilikuwa nimeibeba ili nilinganishe mlio. Mzee akasema atanipunguzia bei nikimwachia hiyo mbovu. Nikamwachia. Sikufikiria hata kidogo.

Leo mchana nikaifunga mpya sebuleni, nikapiga. Jamani, ililia! Mlio mrefu, safi, unaoisha taratibu. Na nikiri, kilichonifurahisha zaidi ni kwamba sikumsikia Enosi. Nilijisikia mimi. Nimechoka kuambiwa napiga kama kaka yangu.

Mama akatokea mlangoni, mikono ina unga.

"Nani anapiga?"

"Ni mimi, mama."

"Aa. Ni wewe."

Akasimama akiitazama seti. "Na ile ya Enosi iko wapi?"

Nikamweleza. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba kila Jumamosi nikifanya mazoezi, yeye akiwa jikoni, ilikuwa kama Enosi yupo nyumbani. Vingine vilibadilika, lakini simbali ikilia alijua ni mwanawe. Kisha akarudi kusonga ugali.

Jumamosi zote hizo nilidhani anazivumilia kelele zangu.

Nikampigia simu Mzee Shabani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamwomba anirudishie. Akacheka.

"Binti yangu, nimeitundika shambani. Mahindi yamebeba na ngedere wananimaliza. Nikiigonga hiyo, wote mbio mpaka msituni!"

Alisema niifuate tu, ila nimpelekee kitu kingine cha kupigia kelele. Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia.

Sasa ni jioni na mvua haijakatika. Kesho ni ibada. Mwalimu wa kwaya atafurahi, na watu watanipongeza kwa mlio mpya. Mama ameniambia hatakwenda kanisani, eti kesho kichwa kitamuuma. Sijawahi kumwona mtu anayejua leo kwamba kesho kichwa kitamuuma.

Nikiirudisha, atamsikia tena mwanawe? Au nilichoharibu leo hakitengenezeki kwa kufunga na kufungua skrubu? Sijui. Na ninaogopa pia kwamba nitaimisi hii mpya.

Jumatatu naenda Urambo. Nitambebea Mzee Shabani lile sufuria letu lililotoboka. Ngedere hawatajua tofauti.

Mama alijua kwa pigo la kwanza.