Kitunguu cha Nchi ya Wabaski

Mjukuu wangu Baraka,

Hapa Carrollton tu wazima. Goti la bibi yako limepona, naye anakusalimu. Unasema wenzako huko mjini Katy wanakucheka kwa kumpikia mkeo akitoka zamu hospitalini, nawe unaniuliza kama uache.

Umemuuliza mtu aliyeimaliza dunia. Nilipokuwa kijana, bibi yako nimemwoa juzi tu, nilimtembelea rafiki yangu Mikel kwao, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Tulizunguka vijiji vya milimani, na katika kimoja akaniingiza kwenye ukumbi wa chama cha mapishi ambamo wanaume peke yao, wachinjaji na mafundi, walikuwa wamevaa aproni wakipika na kutaniana. Nikajigamba kwamba kwetu mimi ndiye bingwa wa pilau. Wakanipa kitunguu. Nikakikata na maganda yake!

"Kwenu nani anakupikia?" mzee mmoja akauliza.

"Mke wangu."

"Na yeye anapikiwa na nani?"

Nikainama, nikaanza kuyatoa maganda kwenye kile kitunguu. Mimi, bingwa wa pilau!

Niliporudi nikampikia bibi yako samaki. Alikula mpaka mwisho, kisha akasema, "Kesho punguza chumvi."

Mjukuu wangu, hiyo "kesho" ilinifurahisha kuliko safari nzima.

Babu yako akupendaye