Usimwachie Mdogo Wako

Kijijini, 4 Mei 1976

Mwanangu Volkmar,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila goti langu linauma na ng'ombe mwekundu hataki kukamuliwa. Wewe je, unakula?

Mdogo wako Eckart ameniandikia kwamba amerusha peke yake ile ndege bubu, isiyo na injini, na wenzake wakapanga mstari wakamchapa makalio, kisha wakampa shada la mbaruti, miiba mitupu! Hao watu wana akili kweli?

Anasema wewe ndiye utakayemvuta angani kwa kamba ya ndege yako, na kwamba una kishikio cha kumwachia. Mimi sikusoma, baba, lakini najua ndoo ikiachiwa kamba kisimani inakwenda wapi. Niahidi: usimwachie mdogo wako. Hata iweje.

Mamako

Uwanjani, 11 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nakula, ila viazi vya hapa havifikii vyako. Makalio ya Eckart yamepoa. Ni desturi, hata mimi nilichapwa: eti tako lililowashwa linausikia upepo vizuri.

Ile si ndoo, Mama. Nikimwachia anaelea, anashuka taratibu kama kunguru mvivu. Hatari ni yeye kupaa juu kuliko mimi. Kamba itanyanyua mkia wangu, pua itazame chini, na karibu na ardhi sina nafasi hata ya kupiga chafya. Hapo lazima nimwachie.

Lakini umelia juu ya karatasi, wino umetapakaa. Haya, nimeahidi.

Mwanao, Volkmar

Kijijini, 19 Mei

Mwanangu,

Mungu akubariki, sasa nalala. Hayo ya mkia sikuyaelewa, ahadi nimeielewa. Jirani yangu Irmhild ananicheka: "Wewe huwaachii hata wakiota ndevu!" Mwache acheke.

Mamako

Uwanjani, 8 Juni

Mama,

Shikamoo. Sote wawili tu wazima, nimelitanguliza hilo makusudi.

Jumapili Eckart alisahau kukaza kifuniko cha kioo kilicho juu ya kichwa chake. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeinuka, kikafunguka. Akakidaka kwa mkono, akasahau kuongoza, ndege yake ikapaa juu yangu. Mkia wangu ukanyanyuka. Nikaona shamba la ngano linanijia usoni. Mkono ulikuwa kwenye kishikio, Mama, nao haukuvuta. Nilikuwa nakusikia wewe.

Kamba ina kipande dhaifu, kimewekwa ili kikatike kabla watu hawajafa. Kikakatika. Niliinua pua masuke yakigusa magurudumu. Eckart alitua mbele, nami nilipotua nikamkuta ananitukana: "We mpumbavu, ulikuwa unangoja nini?"

Siwezi kumvuta mtu tena nikiwa na ahadi ile. Nirudishie.

Volkmar

Kijijini, 2 Julai

Mwanangu Volkmar,

Hujambo? Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu nakuona kwenye ngano.

Nilidhani kwenye kamba nina mtoto mmoja. Wako wawili, mmoja kila upande, na mimi nilimwombea yule wa nyuma tu.

Chukua ahadi yako. Akipanda juu, mwachie. Usinisikilize, usimwonee huruma, mwachie upesi. Eckart nimemwandikia: akiachiwa asimnunie kaka yake, ni mama aliyesema.

Irmhild ameitazama barua hii, anasema wino umetapakaa, neno halisomeki. Naliandika tena: mwachie.

Mama yenu