Wewe Ulikuwa na Moyo, Mimi Niko na Till

Mpendwa Baba Mwende,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua huanza hivyo, na kwa sababu ni kweli. Lakini ujue nimekaa kuandika nikiwa na hasira, na nyingi ni yako wewe. Iliyobaki ni ya wasomaji wako, ndiyo maana nakuandikia hapa hapa kwenye blogu uliyoniachia, ili nao waisome.

Majuzi nilitangaza kwamba mtu akitaka niende nimwangalilie ploti huku Kajiado, atalipa kwanza. Nikaweka namba yangu ya till, ya kulipiwa kwa simu, hapo chini. Basi msomaji wako mmoja, yule wa Qatar uliyekuwa unamwita ndugu, akaandika: "Marehemu alikuwa na moyo. Huyu mama ako na till." Watu wakamshangilia. Nilikuwa napika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, nikiyasoma hayo, ukaungua wote, na Mwende akalala na chai na mkate.

Ati moyo. Wacha nikwambie habari ya huo moyo wako.

Siku ulipoanzia naikumbuka. Tulikuwa tumetoka Machakos na akiba yetu yote, tunatafuta ploti hapa Kitengela, na mzee mmoja alikuwa ametuonyesha robo ekari nzuri. Tulipoenda kupima, mama mmoja akatoka kwenye boma, akasimama palepale kwenye bikoni ya mpaka, akasema hajui chochote kuhusu kuuza. Alikuwa bibi ya yule mzee. Broka akaanza kumfokea. Wewe ukamwambia broka anyamaze, ukamsalimia yule mama kwa Kimaasai, "Takwenya," ukaomba maji ya kunywa. Akatuletea chai. Tukakaa mlangoni kwake hadi mchana, na tukajua kila kitu: ng'ombe wanalishwa wapi, maji yanapita wapi mvua ikinyesha, na kwamba yule mama hangeenda hata siku moja kuketi mbele ya bodi ya ardhi akubali shamba la watoto wake liuzwe. Tulirudi nyumbani na akiba yetu ikiwa nzima.

Jioni hiyo ukaandika makala ya kwanza kwa simu yangu, kwa sababu yako haikuwa na chaji. Ukawaambia watu wasinunue shamba lolote Kajiado kabla hawajakunywa chai na mama wa hilo boma. Waende na sukari na majani. Wamuulize kama anajua shamba linauzwa, na kama siku ya bodi atakuja kuketi na mzee wake. Akinyamaza, warudi kwao. Nilisoma nikajisikia vizuri sana kuwa bibi yako.

Watu wakaipenda. Simu zikaanza kuingia, za Mombasa, za Arabuni, za Amerika. "Mwalimu, niangalilie ploti moja Kiserian." Na wewe huyo juu ya pikipiki. Leo Kimuka, kesho Tuala, kesho kutwa Isinya, na petroli ni yako, na sukari ya mama wa boma pia ni yako. Jumamosi zingine nilikuwa napanda nyuma, na siwezi kudanganya, zilikuwa siku tamu. Vumbi mpaka kwa meno. Ulikuwa unaimba nyimbo za kanisa na hiyo sauti yako mbaya. Tulikuwa tunasimama tununue mahindi ya kuchoma, unanisimulia yale akina mama wamekwambia, mpaka unasahau kula.

Lakini nani alikuwa analipa hiyo yote? Si mimi? Mimi na mitumba yangu sokoni. Bando za blogu, mitumba. Petroli, mitumba. Yule mtu wa matangi ya maji alikuja mpaka nyumbani, mtu wa heshima zake, akitaka kuweka tangazo kando ya makala zako. Matangi, Baba Mwende. Tangi linamdanganya nani? Ukakataa. Ukasema ukianza kuchukua pesa hawatakuamini tena. Nikakuuliza kama daktari lazima atibu bure ndio aaminiwe. Ukaenda nje kuwapa kuku maji. Hivyo ndivyo ulikuwa unanijibu kila siku.

Na ile ya hospitali sijakusamehe. Ulikuwa umelala na mpira wa oksijeni puani, pumzi haitoshi hata ya kuniambia uji ni moto. Simu ikalia. Ni huyu huyu wa Qatar, anauliza kuhusu ploti ya Tuala. Ukausogeza mpira kando ukamweleza pole pole, aangalie maji yanapita wapi, amuulize mama, asiharakishwe na broka. Hakuuliza mbona unaongea hivyo. Nilikuwa nimesimama hapo na kikombe chako mkononi, na nilitaka kuitupa hiyo simu dirishani.

Ulipokufa walituma mishumaa. Ya kwenye simu. Chini ya picha yako ilijaa mishumaa, unashuka nayo, unashuka, haiishi. Kwa matanga, katika hao wote wa moyo, hakuja hata mmoja. Aliyekuja ni yule mama wa ploti ya kwanza, na alikuja na mbuzi.

Baadaye barabara ikapanuliwa na vibanda vyetu vya sokoni vikaondolewa. Kwa hivyo sina mitumba tena, niko na blogu. Nimejiambia wazi: ikinilisha mimi na Mwende, nitaendelea. Isiponilisha naifunga, narudi kwetu kulima. Hakuna njia ya tatu, na usiniangalie hivyo kwenye hiyo picha ya ukutani.

Sasa sikia. Kampuni moja ya kuuza ploti ikanitafuta. Kijana wao wa mauzo ni mpole, amevaa tai. Wanataka makala moja kila mwezi, mwaka mzima, niseme nimekanyaga ploti zao na ni safi. Pesa waliyotaja ingemaliza shida yangu. Nilimwambia nitaona kwanza.

Jumamosi wakanipeleka pamoja na wateja wao, kwa basi, mbele kidogo ya mji wa Kajiado. Kulikuwa na hema jeupe, kuku, soda, na mchungaji wa kuliombea shamba. Tukapewa ramani za rangi: hapa shule, hapa hospitali, hapa kituo cha biashara. Mimi sukari na majani vilikuwa kwa mkoba. Nikatoka pole pole nyuma ya hema, nikaelekea kwa boma lililokuwa karibu.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia mama niliyemkuta.

"Iko," akaitikia, akapokea sukari, akaweka chai motoni.

Tulipokunywa kidogo nikamuuliza kama anajua shamba linauzwa. Aliangalia lile hema kwa muda.

"Mimi nilifikiri ni watu wa kanisa," akasema. "Nikasema mzee amewapa ruhusa waombe hapo."

Nikamfungulia ile ramani. Tulitafuta nyumba yake pamoja, tukihesabu kutoka kwa barabara na mti wa mgunga. Nyumba yake ndiyo kituo cha biashara.

Nilirudi kwa kijana wa tai nikamuuliza. Akatabasamu. "Madam, hiyo ya mama itapangwa tu. Wewe andika. Watu wako wanakuamini."

Nikamwambia hapana, na atafute mwingine. Kuku yao nilikula, usinione vibaya, nilikuwa na njaa. Lakini nilirudi kwa lile basi nikiwa nimekukasirikia, kwa sababu ile pesa niliitaka, na ni wewe ulinifundisha kwenda kunywa hiyo chai. Ungekuwa umeniachia hata tangazo moja la tangi, nisingelazimika kukaa na hawa watu nikijiuliza naweza kufumba macho kidogo ama siwezi.

Jumapili tulipotoka kanisani, simu ikaingia. Ni wa Qatar.

"Mama Mwende, kuna ploti nimeona mbele ya Kajiado, nzuri sana, kuna mpaka kituo cha biashara. Kesho nalipa. Si uniangalilie leo haraka haraka?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Neno moja tu, usinunue. Wewe ungemwambia kabla hajamaliza kuuliza.

"Lipa kwanza," nikamwambia.

"Lakini marehemu hakuwa anafanya hivi."

"Marehemu ulimpigia akiwa na oksijeni puani."

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

Alikata simu. Niliketi kwenye ukuta wa kanisa nikijua nimempoteza, na nikijua kuwa kesho yake amepanga kulipia ile ploti. Mwende akaniuliza mbona nimefura. Halafu ujumbe ukaingia kwamba amelipa kwenye till yangu. Nikampigia hapo hapo. Nikamwambia asinunue, nikamweleza ya yule mama aliyefikiri ni watu wa kanisa, na ya nyumba yake kwenye ramani. Akasema hiyo pesa ya ploti ndiyo yote aliyofanyia kazi tangu aende huko. Alikuwa analia, na mimi bado nilikuwa na hasira, na nikalia pia.

Kisha akaniuliza jambo ambalo sijalala vizuri nikiliwaza.

"Mama Mwende, kama ningekataa kulipa, ungeniacha ninunue?"

Nikamwambia ndiyo, ningemwacha.

Baba Mwende, wewe unanijua. Makala ya kuwaonya watu nilikuwa nimeiandika tangu ile jioni ya Jumamosi, yote, na nilikuwa nimepanga kuiweka hapa Jumapili hiyo hiyo, bure, yeyote asome, yeye wa kwanza. Niliiweka, na iko hapo chini. Yale tunayojua nitaendelea kuyaandika bure, kama ulivyotaka. Kutembea kwangu hakutakuwa bure tena, na hilo nimeliamua mimi, sikuulizi.

Na wewe ndugu wa Qatar, najua unasoma hii. Sasa umejua kwamba nilikudanganya niliposema ningekuacha. Pesa sirudishi.

Pumzika, Baba Mwende. Hasira ikiisha nitakwambia.

Bibi yako,
Mama Mwende