Bubu Mrefu na Bubu Mfupi

Jumatatu, 4 Julai 1955

Nimesafisha bunduki zote mbili kabla ya chai. Ile ya kukoki kwa mkono, ya shabaha, haina shida. Ile ya kujipakia yenyewe ina vumbi mpaka kwenye utumbo. Niliifungua vipande vipande juu ya mkeka. Yustina akanipita na ndoo, akasema siku moja maharage yake yatanuka mafuta ya bunduki. Mke wangu hakosei. Yameshaanza.

Bwana Nyama, Mzungu wa idara ya wanyamapori, kafika na gari lake. Kaleta kisanduku. Ndani mna mabomba matatu meusi ya kufunga mdomoni mwa mtutu, ya kuua mlio. Anayo majina yake ya Kizungu. Felisiani, mwindaji mwenzangu, mtu wa Kanoni, akayatazama sana, akasema, "Hawa ni mabubu." Basi, mabubu.

Amri ni hii: nichague bubu mmoja tu, anayefaa bunduki zote mbili. Nguruwe mwitu wa bonde letu hili la Isingiro wakisikia mlio wa kwanza wanatawanyika, kesho wako tena kwenye viazi vya watu. Na wafugaji wamelalamika bomani kwamba milio inawashtua ng'ombe. Nikichagua vizuri nitakuwa mkuu wa wawindaji upande huu. Bwana kasema hivyo kwa kinywa chake.

Nimefurahi. Lakini siwezi kukaa chini. Nimezunguka nyumba mpaka kuku wamenichoka.

Jumatano, 6 Julai

Bubu wa kwanza hafai kabisa. Hesi zake hazikubali mtutu wa ile ya kujipakia. Karudi kisandukuni. Wamebaki mrefu na mfupi.

Mfupi ni mwepesi. Anakaa vizuri kwenye bunduki zote mbili, shabaha haihami. Ila mlio upo. Umepungua tu, kama jirani kabamiza mlango kwa hasira.

Mrefu ni mzito, anavuta mdomo wa bunduki chini. Kwenye ile ya mkono risasi zilishuka kiganja kizima, lakini zilikaa pamoja, moja juu ya nyingine. Nikarekebisha darubini, kwisha. Na mlio hakuna. Kikohozi cha mtoto.

Kwenye ile ya kujipakia, huyo mrefu ni balaa. Moshi wote unarudi usoni. Nilipiga kidogo tu, machozi yakanitoka. Kisha ikakwama, ganda la risasi likabanwa pale linapotokea. Felisiani akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia afunge mdomo.

Alhamisi, 7 Julai

Kamuhanda kaja, kaka yake Yustina. Anachunga ng'ombe bondeni, na wale wangu wachache wako ndani ya kundi lake. Kaleta maziwa kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti cha mama yao. Hakuja kuleta maziwa. Kaja kulalamika.

"Muramu, bunduki yako inanikausha," akasema; ndivyo shemeji huitana kwetu. "Ikilia asubuhi, Bihogo anazuia maziwa kutwa nzima."

Bihogo ni ng'ombe wake mwekundu wa kukolea, pembe ndefu, mama wa nusu ya kundi. Akimtaja anatabasamu. Watoto wake mwenyewe hawatabasamii hivyo.

Nikamweleza habari za bubu mrefu. Alifurahi kama kapewa ndama. Nikamtania kwamba sasa atakosa kazi ya kuimba. Maana huku kwetu bunduki ikilia, mchungaji hupaza sauti na kumwita dume lake kwa majina ya sifa, na ng'ombe wote hukusanyika kwake. Mwindaji akiisikia sauti ile anajua kundi liko wapi, hapigi upande huo. Hakuna aliyetufundisha. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nikichunga kwa baba. Kamuhanda akacheka, akasema vizuri, atapumzisha koo.

Alipoondoka, Yustina alinitazama. Nikajua nimeshachaguliwa bubu.

Jumapili, 10 Julai

Misani. Padri alihubiri, mimi nilikuwa nafunga na kufungua hesi kichwani. Sikumbuki hata Injili ilisema nini. Niliporudi nikasafisha bunduki ambayo ilikuwa safi.

Nawashwa na jambo hili. Tangu vita vya Burma sijawahi kutaka kitu hivi. Nataka huo ukuu. Sitaki kujifanya sitaki.

Jumanne, 12 Julai

Leo jaribio la mlio, mbele ya Bwana. Felisiani alipanda kilimani nyuma yangu na kitambaa cheupe. Kumweka mbele ya mtutu haiwezekani, hata kama mara nyingine natamani. Akisikia bunduki, ainue kitambaa.

Nikapiga na bubu mfupi. Kitambaa juu. Kila nilipopiga, juu. Nikafunga mrefu. Kitambaa hakikuinuka. Nikabadilisha bunduki, hakikuinuka tena. Aliposhuka aliniambia alidhani nimesinzia.

Habari ya moshi nimeipatia dawa. Navaa ile miwani ya vumbi niliyorudi nayo kutoka vitani, na ile ya kujipakia naisafisha kila baada ya mapigo machache. Haikukwama hata mara moja. Bwana akaniuliza nimechagua yupi. Nikasema mrefu. Akanipa mkono. Yustina kachinja kuku.

Ijumaa, 15 Julai

Siku ya kwanza kazini na bubu. Nguruwe mkubwa alianguka, na wenzake wakaendelea kuchimba. Yule aliyekuwa kando yake alimnusa tu, akarudi kwenye mizizi yake. Nikaangusha mwingine. Bado wanachimba.

Felisiani anasema hajaona kazi rahisi kama hii. Kweli ni rahisi. Sikuipenda, na sijui kwa nini sikuipenda. Labda nimezoea kukimbiza.

Jumamosi, 16 Julai

Nimempiga Bihogo.

Niandike vizuri. Asubuhi, ukungu ulikuwa haujainuka. Nilikuwa peke yangu, Felisiani kaenda Ihanda kwenye msiba. Nilikuwa upande wa juu wa kichaka cha kivukoni. Nikapiga dume la nguruwe kwa ile ya mkono. Likalala. Halafu nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikanyamaza, nikasikiliza. Nilingoja sauti ya mchungaji. Haikuja. Basi hakuna mchungaji. Nikamhamishia bubu kwenye ile ya kujipakia, nikapiga ndani ya kichaka palipokuwa na migongo inayotembea. Nikapiga tena. Na tena.

Nilizunguka kwenda kuhesabu nguruwe. Nyuma ya kichaka, kwenye majani, Kamuhanda alikuwa amesimama, mkono juu ya mgongo wa Bihogo. Bihogo alikuwa kapiga magoti ya mbele. Damu ilitoka shingoni. Kisha akalala ubavu. Kamuhanda hakunitazama. Alikuwa anatafuta nyoka kwenye majani, akidhani ndiye aliyemuuma.

Hakuita kwa sababu hakusikia. Mimi nikaufanya ukimya wake kuwa jibu. Mpumbavu gani hungojea jibu la mtu ambaye hakumsemesha?

"Nilisikia kama ukuni umevunjika," alisema. "Nikadhani ng'ombe kaukanyaga." Ndipo akaiona bunduki. "Ni wewe, muramu?"

Nikasema ni mimi.

Alivua shuka lake akamfunika Bihogo macho. Nilikaa pale, miwani ya vumbi bado iko usoni. Mkono wake na shingo ya ng'ombe vilikuwa karibu kuliko mimi na karatasi hii.

Jumapili, 17 Julai

Sikwenda kanisani. Nilimpelekea Kamuhanda wale ng'ombe wangu, yaani nilimwambia awachukue wote wawe wake. Akasema ng'ombe si viazi, huwezi kuchukua kimoja ukarudisha kingine. Nyama wamegawana wakulima wa juu. Yeye hakuonja, na nyumba yake haikuonja.

Yustina yuko huko kwa kaka yake. Hakuaga. Kabeba mtoto na mkeka.

Felisiani karudi, kaja kunipa pole. Anasema tumshukuru Mungu hakuwa mtu. Hilo ndilo linalonitia hofu, na yeye analisema kama faraja.

Nimekula viazi baridi nimesimama.

Jumanne, 19 Julai

Nimekwenda kwa Bwana. Nimemwambia nimebadili neno langu, nachagua mfupi. Nikamweleza kwa nini. Mfupi anasikika bondeni, mchungaji ataita, nami nitajua aliko. Nguruwe watakimbia, ndiyo. Acha wakimbie.

Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema wafugaji waambiwe wasilete ng'ombe bondeni siku za kuwinda.

"Ng'ombe wanywe wapi, Bwana? Hiki ni kiangazi."

Alisema kifaa si kibaya. Kweli si kibaya. Kinafanya kazi niliyokisifia kwayo, na aliyekisifia ni mimi. Akaniuliza kama nitapiga na bubu mrefu au sitapiga. Nikasema sitapiga. Akachukua bunduki zote mbili, akampa Felisiani. Felisiani ndiye mkuu sasa. Mimi nimepewa kazi ya kulinda ghala la ngozi.

Nimekasirika. Nimekasirika na Bwana, na Felisiani, na nafsi yangu, na hata na Kamuhanda kwa kuleta malalamiko yake siku ile. Huyo wa mwisho hana kosa. Nimemkasirikia hivyo hivyo.

Alhamisi, 21 Julai

Felisiani kaja, kasimama mlangoni kama mdeni. Nikamkaribisha ndani, nikampa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Alisema ana watoto. Nikasema najua. Alisema Bwana ameamuru mrefu, basi atatumia mrefu. Akaniuliza ng'ombe husimama wapi.

Nikamchorea kwenye vumbi. Kivuko hiki, kile kisima, majani ya huku. Halafu nikafuta kwa mguu. Ng'ombe leo wako hapa, kesho kule, kutegemea maji na upepo na fikra za Kamuhanda. Nilimwambia apige kelele kabla ya kupiga. Alicheka bila furaha. Akipiga kelele, nguruwe wote watavuka mpaka wa Uganda, na yeye atakuja kulinda ghala pamoja nami.

Hakumaliza pombe yake. Mtu mwema, Felisiani. Ndiyo taabu yenyewe.

Jumatatu, 25 Julai

Yustina amerudi. Kapika ndizi na maharage, akasema kaka yake anashuka bondeni kama kawaida, maana hana pengine pa kunywesha. Akaniuliza Felisiani anawinda siku gani. Nikasema siku yoyote anayotaka.

Kutwa nimekuwa ghalani. Ngozi zinanuka. Kila saa natoka nje, natega sikio upande wa bonde. Upuuzi mtupu. Nilichagua mwenyewe kitu kisichosikika, halafu nasimama kukisikiliza. Mlinzi mwenzangu anadhani nina ugonjwa.

Jumatano, 27 Julai

Leo pia nimetoka na kuingia. Miguu inauma.

Jumapili, 31 Julai

Baada ya misa sikwenda nyumbani. Nilishuka bondeni na nguo zangu za kanisani. Kamuhanda alikuwa kivukoni, ng'ombe wakinywa. Nikamwamkia. Akaitikia. Ni neno la kwanza kwangu tangu siku ile.

Nikaenda kukaa upande wa kichaka, pale risasi ingepita kabla ya kufika kwa ng'ombe. Nikatandika koti langu chini, nikakipa kichaka mgongo, nikatazama ng'ombe. Aliniona nilipokaa. Anajua mimi ni mwindaji, anajua kwa nini mtu akae pale. Alisimama muda, fimbo mabegani. Kisha akaja, akakaa kando yangu, mgongo wake pia kichakani.

Hatukuzungumza habari ya Bihogo. Kuna ndama wake jike ameanza kuota pembe. Alinionyesha. Upepo ulikuwa mdogo, bonde limetulia kabisa. Kama Felisiani alikuwa kazini au alikuwa kwake Kanoni, hatukujua. Tulikaa mpaka ng'ombe wa mwisho akashiba maji.