Maji ya Paa Yalipomfikia Mwenyekiti

Mzee mwenzangu, nimejifungia kwenye choo cha halmashauri. Usicheke.

Yule binti mpwa wangu, msanifu majengo, leo alikuwa anatetea mbele ya madiwani ramani yake ya ukumbi wa mji, na mimi nilimbebea vyombo. Mfano kaufinyanga kwa udongo wa kilima chetu. Paa lina mabonde kama kilima chenyewe, ili mvua yote iteremke kwenye tangi moja. Miaka mitatu ya kazi! Leo ndiyo siku ya kumpa kazi au kumnyima.

Akainua birika la maji, akamimina juu ya paa. Maji yakashuka vizuri, bonde kwa bonde, yakamwagikia mapajani mwa mwenyekiti.

Mapajani! Na suruali ya kijivu!

Diwani mmoja wa nyuma akasema: "Si ajabu, kila kitu cha mji huu huishia kwa mwenyekiti."

Watu wakaangua kicheko. Mpwa wangu hakucheka. "Mjomba," akasema polepole, "tangi langu liko wapi?"

Tangi lilikuwa kibakuli cheupe. Mimi nilikuwa nakinywea chai.

Mwenyekiti akajikung'uta. "Halikupotea hata tone. Binti apewe kazi. Ila huyo mzee asikanyage kwenye ukumbi huo."

Kazi kapata, mwenzangu. Lakini nasikia viatu vya mpwa wangu koridoni, na birika bado analo.