Vipande Tisa vya Bawa

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza na mama mdogo ameshaninasa. Anatunza watoto wanane sebuleni kwake, wazazi wao wakiwa kazini. Kanipa kona ya kupaka rangi. "Wewe huongei, wao hawanyamazi. Mtapatana." Asante, mama mdogo.

Nilitoa fotokopi za watambaazi wa kale, wale waliokuwa wakiruka. Jina lao refu nalijua kwa lugha ya darasani. Kwa lugha ya nyumbani nikababaika, uso ukawaka moto. Wakauliza ni ndege? Si ndege. Popo? Si popo. Mmoja akaamua ni babu yake mjusi, basi, yakaisha.

Jumanne, 5 Agosti

Kuna mmoja tunamwita Sekunde, maana ukimwambia lolote anajibu "subiri sekunde". Ana miaka mitano. Baba yake dereva wa lori, yuko safarini. Bibi yake ndiye anayemleta na kumchukua.

Jana alikwenda na picha nyumbani. Leo imerudi na mistari ya penseli, bawa limegawanyika kama dirisha la vioo. Kapaka kipande kimoja, zambarau, akaweka kreyoni chini. Kiwiko chake kilikuwa juu ya mkono wangu muda wote. Nimeongea naye karibu saa nzima — mimi! — na sikutetemeka.

Jumatano, 6 Agosti

Kipande kimoja tena. Nikamuuliza mbona hamalizi. Subiri sekunde.

Alhamisi, 7 Agosti

Kesho wazazi wataangalia picha ukutani. Zote zimekamilika, isipokuwa ya Sekunde. Vipande vitatu, sita vitupu. Nikawaza wenzake watamcheka.

Watoto walipoondoka nikammalizia. Zambarau ileile, bila kutoka nje ya mstari hata mara moja. Nilijiona mtu mwema. Niandike ukweli: nilijivunia.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Sekunde alisimama mbele ya ukuta, akahesabu kwa kidole. Halafu akamkimbilia mama mdogo, akamkumbatia magoti. "Baba anarudi leo," akasema.

Tukadhani kapigiwa simu. Kashinda siku nzima na begi mgongoni, hata wakati wa kula.

Bibi alipokuja ndipo nikaelewa. Mistari ile ni yake. Alimwambia mjukuu: paka kipande kimoja kila siku unayokuja hapa, bawa likijaa baba yuko nyumbani. Baba anafika Ijumaa ijayo. Ijumaa ijayo, siyo leo.

"Sasa nani kalijaza?" akauliza mama mdogo, akiwaangalia watoto mmoja mmoja. Mimi hakuniangalia. Mtu mkimya hashukiwi. Nikaendelea kupanga kreyoni kwenye kopo.

Bibi akasema labda kalijaza mwenyewe kwa hamu, masikini. Sekunde akakataa. "Sijapaka mimi. Limejaa lenyewe."

Anaamini hivyo kabisa.

Sasa kakaa kwenye ngazi ya mlangoni, hataki kuondoka. Bibi kakaa pembeni yake, kampa dakika kumi, halafu kumi nyingine. Lori likipita barabarani anasimama. "Si hilo, mjukuu wangu," bibi anasema, na sauti yake imechoka.

Nilikuwa jikoni nikiandika haya. Nimeifanyia mazoezi sentensi yangu ya kukiri kwa lugha zote mbili. Ile ya darasani inatoka vizuri, lakini Sekunde haijui lugha hiyo. Nilitoka mara moja, nikajifanya nafuata kikombe, nikarudi.

Nimetoka tena, na daftari. Nimekaa ngazini. Sekunde kasogea kunipa nafasi, akanipa begi lake nimshikie, asimame vizuri. Begi lina sweta la baba yake. Anataka kumpa, huenda barabarani kuna baridi.

Anauliza naandika nini.

Nimemwambia aniache nimalize mstari huu, halafu nitamsomea niliyoandika Alhamisi. Nimesema kwa sauti. Bibi kasikia, kageuka. Wote wawili wananisubiri, na mstari wenyewe unakaribia kwisha.