Taa za Mjukuu Wangu Hazina Kosa

Mpendwa Shangazi wa Alhamisi,

Nimemficha mjukuu wangu wa kike ugonjwa utakaoniondoa, na kwa kumficha nimemharibia masomo, ndiyo maana naomba unisaidie nikiwa bado nina nguvu ya kushika kalamu. Daktari alinieleza kwamba kilichomo tumboni hakiwezi kukatwa kwa umri wangu, nikamshukuru, nikavaa kofia, nikarudi nyumbani na kumwambia mwanangu, mama wa mjukuu huyo, kwamba ni gesi tu.

Mjukuu wangu anasoma utangazaji chuoni, na mwanzoni mwa mwaka mwalimu wao wa kamera na taa aliwapa kazi ya kurudia: kila mwanafunzi achague mtu mmoja, amketishe mahali pale pale, amhoji na kumrekodi kila baada ya wiki kadhaa, ili mwalimu aone anavyozidi kuuelewa mwanga. Wenzake walichagua marafiki zao warembo, yeye akanichagua mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, akaniketisha kwenye kiti changu cha sebuleni, akaweka taa kubwa kushoto kwangu, ndogo kulia ya kupunguza vivuli, na ya tatu nyuma ili, kama alivyosema, nisimezwe na ukuta. Ile kubwa huitundikia pazia la bafuni mbele yake ili mwanga uwe laini, kwa hiyo Jumamosi hapa nyumbani watu wanaoga kwa kuaminiana, na mama yake, ambaye ni fundi cherehani na hana simile, hupita akisema, "Mkimaliza kumkaanga huyo mzee mnirudishie pazia langu."

"Kidevu juu kidogo, Babu."

"Hivi, mkurugenzi?"

"Hapo hapo. Usinichekeshe, mkono unatikisika."

Siwezi kukueleza, Shangazi, ninavyoshukuru kwa Jumamosi hizo. Ananiuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, nilikutana vipi na bibi yake, kwa nini nilipenda ramani kuliko hesabu. Ananishika kidevu kwa vidole viwili na kunigeuza taratibu kana kwamba mimi ni kitu cha kioo, joto la taa linaniingia mpaka kwenye mifupa, na maumivu, ambayo siku nyingine hayana adabu, hukaa kando yakasubiri tumalize. Hata ukurasa wako ni yeye anayenisomea kila Alhamisi, kwa sauti yake ya kazi, ile wanayofundishwa chuoni, akikohoa kidogo kabla ya kuanza.

Lakini alama zake zinashuka. Video ya kwanza mwalimu aliisifu mbele ya darasa. Ya pili akasema kivuli cha shavu kimezidi, ya tatu hivyo hivyo, macho yamezama, ongeza mwanga. Mtoto akasogeza taa, akatengeneza kadibodi ya kurudisha mwanga, iliyobandikwa karatasi ya foili ya jikoni, akaibana kwa magoti huku ananihoji, na bado. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kutambua mabonde kwa vivuli vyake nilijua tangu ile ya pili. Bonde lina giza kwa sababu ni bonde, jua halijakosea. Shavu langu limebonyea, macho yamerudi ndani, na hakuna taa ya kusahihisha hilo.

Nilijaribu kumsaidia kwa njia ya kipumbavu. Nilivaa sweta mbili ndani ya koti ili mabega yajae, na Jumamosi moja nikajaza pamba mashavuni. Picha ikatoka nzuri, ila nilizungumza kama mtu aliyesahau tonge mdomoni, na mwalimu akamkata alama za sauti.

"Babu, ni jino?" aliniuliza siku hiyo.

Nikaitikia kwa kichwa. Akaniletea maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akasimama pale pale mpaka nimalize, nami nikasukutua jino lisilouma, pamba nikiwa nimeificha mfukoni.

Juzi alikuja akakaa sakafuni karibu na kiti changu, na taa hakuziwasha. "Babu, mimi sina jicho," akasema. "Ile ya kwanza nilibahatisha tu. Mwisho wa mwezi namwambia mwalimu anihamishie kwenye uandishi wa habari." Nikamwambia asikate tamaa, maneno ambayo mtu yeyote barabarani angemwambia, nikaishia hapo.

Ningeweza kukuambia kwamba nilinyamaza ili nisimuumize, na ili mama yake asiache cherehani akashinda ananikanda miguu. Hata mimi nilikuwa nikijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba wakishajua, kiti changu kitageuka kitanda, taa zitarudishwa chuoni, nami nazitaka Jumamosi zangu. Nimemwacha mtoto ajione hafai ili mimi niendelee kushikwa kidevu.

Babu wa Kiti cha Sebuleni

*

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia kwanza kwa sababu yanayofuata hayana heshima sana.

Pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa kuyabeba peke yako katika nyumba yenye watu wanaokupenda hivyo. Kwenye pamba nilicheka, kisha nikajilaumu.

Sasa nikugombeze. Ulikuwa mwalimu. Mwanafunzi angepata jibu sahihi na msahihishaji akampa kosa, ungekaa kimya? Huyo anayejiona hana jicho ndiye aliyeukamata ugonjwa wako kabla hata mama yake hajaushuku. Alirekodi kilichokuwepo, tena kwa uaminifu, wakati wewe unampa gesi na jino.

Na nani kakuambia kiti kitageuka kitanda? Uliwauliza? Umekata shauri kwa niaba yao, kisha ukawaonea huruma kwa shauri ulilolikata mwenyewe.

Fanya hivi. Mwite mama yake, asimamishe cherehani, asikie pia. Utaje ugonjwa kwa jina lake, kama daktari alivyoutaja. Kisha mjukuu afungue video ya kwanza na ya mwisho, aziweke ubavu kwa ubavu, nawe umwonyeshe shavu lako kama ulivyokuwa ukionyesha ramani ubaoni. Jumatatu aende kwa mwalimu na hizo mbili badala ya ombi la kuhama. Mwalimu mwenye akili atarekebisha alama. Asipozirekebisha, bado mtoto atajua anachokijua. Na kuhusu Jumamosi zako, acha kuziiba kwa kunyamaza. Ziombe. Nijuavyo mimi wajukuu, utapewa na Jumapili.

Ningekujibu kwa faragha, lakini bahasha yako haikuwa na anwani wala namba ya simu, na mwenyewe umenitajia anayekusomea ukurasa huu. Msomi kama wewe hasahau mambo kama hayo kwa bahati mbaya. Ulitaka gazeti likusemee. Sawa, limesema nusu.

Binti, kama umefika hapa bila sauti kukatika, wewe ni mtangazaji. Taa zako hazikuwa na kosa. Weka gazeti chini, umgeuze kidevu akutazame.

Mzee, nusu iliyobaki ni yako. Iseme sasa hivi, kwa mdomo wako, bila pamba.